Pikapu ya mzigo isiishi kwa ratiba ya gari la matembezi

Kwenye gereji za Dar es Salaam, Mombasa au Arusha, oili ya injini ina heshima yake. Dereva anazijua kilomita zake, fundi anaandika tarehe kwenye stika na kuibandika, na tajiri, hata awe mgumu wa kutoa hela kiasi gani, hakatai kuimwaga. Oili ya gia boksi haina wa kuisemea. Inakaa humo chini mwaka wa kwanza, wa tatu, wa saba, mpaka siku pikapu inapogoma katikati ya mlima ikiwa na mzigo wa watu mgongoni.

Majibu mawili ndiyo yanayosikika zaidi pale mwenye pikapu anapotaka kujua muda wa kubadilisha oili hiyo. La kwanza linasema oili ya gia boksi za siku hizi ni ya maisha ya gari, haiguswi. La pili linasema isiguswe mpaka gia zianze kusumbua. Majibu yote mawili yanawatia watu hasara. Pikapu inayobeba mzigo inapaswa kupangiwa muda wake kwa kazi inayoifanya, yaani uzito, milima, joto na foleni, na muda huo ufike kabla gia haijachelewa kuingia hata mara moja.

Sababu inaanzia kwenye kazi ya oili yenyewe. Ndani ya gia boksi ya manyuo, oili inalainisha meno ya gia na beringi, na inaondoa joto. Ndani ya otomatiki inabebeshwa zaidi ya hapo. Injini inazungusha konveta iliyojaa oili, na ni oili hiyo inayoisukuma gia boksi izunguke. Pampu nayo inaitia oili presha ya kukandamiza pleti za klachi, na presha hiyo ndiyo inayoingiza gia moja na kuitoa nyingine. Baada ya hapo oili hiyohiyo inapitishwa kwenye kipozeo, mara nyingi ndani au mbele ya radieta, ikaache joto iliyolibeba.

Kazi hizo zinaichosha kwa njia mbili. Joto linaiozesha: viungo vilivyotiwa kiwandani ili pleti zikamate bila gari kushtuka vinaisha, na oili yenyewe inaharibika kwa kukutana na hewa ikiwa moto. Halafu kuna uchafu, yaani vumbi laini linalotoka kwenye pleti na kwenye chuma. Wataalamu wa vilainishi wana kanuni ya kukadiria wanayoitumia sana: kasi ya oili kuoza huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka. Kwa hesabu hiyo, oili iliyokuwa ikifanya kazi kwenye nyuzi 80 ikihamia kwenye nyuzi 100, umri wake unabaki robo. Muuza chipsi analijua jambo hili bila kitabu. Hamwagi mafuta kwa kuangalia kalenda, anaangalia yamekaanga kiasi gani.

Mfano wa kazi inayozalisha joto hilo ni barabara ya Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, yenye kilomita 33 hivi. Ndani ya kilomita hizo barabara inapanda karibu mita 1,000, kona baada ya kona, ikipitia Soni. Pikapu zinapanda na saruji, mabati na kreti za soda, zinashuka na kabichi, karoti na viazi vya kupelekwa sokoni Dar es Salaam. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja, na tani moja ndiyo uwezo wa pikapu nyingi za ukubwa wa Hilux. Mifuko 30 ni tani moja na nusu, na wapo wanaoipakia bila kufikiria mara mbili.

Kwenye mlima kama huo injini inanguruma kwa nguvu huku magurudumu yakienda polepole. Tofauti ya mizunguko kati ya injini na gia boksi inamezwa na oili ndani ya konveta, na yote inageuka kuwa joto. Dereva akiiacha otomatiki kwenye D, gia inapanda, inashindwa, inashuka, inapanda tena, na kila inapobadilika pleti zinasuguana. Akishikilia gia ya chini, joto linapungua, lakini haliishi. Pikapu kama hiyo ikienda Dar es Salaam na kurudi mara mbili kwa wiki, kwa umbali wa takriban kilomita 350 kwa upande mmoja, inatembea kilomita 1,400 kwa wiki, zaidi ya 70,000 kwa mwaka. Kikomo ambacho mwenye gari la kwenda kanisani na sokoni anakifikia kwa miaka kumi, pikapu hiyo inakimaliza kwa takriban mwaka mmoja.

Mjini hali ni nyingine, ila joto ni lilelile. Pikapu ya mkandarasi inayoshinda kwenye foleni ya Mbagala au Barabara ya Thika inaweza kuonyesha kilomita chache mwisho wa mwaka. Lakini kilomita 1,000 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni karibu saa 67 za kusukumana, wakati kilomita hizohizo kwenye barabara kuu kwa mwendo wa 70 ni saa 14 tu. Kipima mwendo kinahesabu magurudumu yamezunguka mara ngapi. Hakihesabu saa ambazo oili imechemka gari likiwa limesimama na D imeingia.

Hapo ndipo neno la oili ya maisha linapohitaji kuulizwa: maisha ya nani? Mtengenezaji anapopanga ratiba ya gari jipya anamfikiria mnunuzi wa kwanza, na dhamana anayompa mara nyingi ni ya miaka mitatu au kilomita 100,000. Gari lisilodai sevisi nyingi linauzika, hasa kwa makampuni yanayonunua mengi kwa mkupuo. Mnunuzi wa tatu wa Tandika au wa Gikomba hayumo kwenye hesabu hiyo.

Wenye kuzitengeneza gia boksi zenyewe wanasema kitu kingine. ZF, kampuni ya Ujerumani ambayo otomatiki yake ya gia nane imefungwa kwenye Volkswagen Amarok, inashauri oili ya otomatiki zake za magari madogo ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au gari likitimiza miaka minane, ikitegemea linavyoendeshwa. Gia boksi ya gia sita iliyofungwa kwenye Ford Ranger za kuanzia mwaka 2011, inayojulikana kwa namba 6R80, nayo imetokana na mchoro wa ZF. Anayejua kilichomo ndani ya chuma hicho ameweka kikomo. Aliyekinunua chuma hicho na kukifunga kwenye gari lake ndiye mara nyingine anayeficha kikomo.

Hata Marekani, nchi iliyozizoea pikapu za otomatiki kuliko nyingine yoyote, ratiba haijawahi kuwa moja. Kwa miaka mingi vitabu vya pikapu za General Motors viliwagawa wenye magari makundi mawili. Kundi la kazi nyepesi liliachwa lisiiguse oili hiyo, au liiguse baada ya masafa marefu sana. Kundi la kazi nzito liliambiwa libadilishe kila maili 50,000, yaani takriban kilomita 80,000. Na kazi nzito ilielezwa waziwazi: foleni za mjini mahali ambapo joto hufika mara kwa mara nyuzi 32 au zaidi, milima, kuvuta trela mara kwa mara, teksi, polisi na usambazaji wa bidhaa. Nyuzi 32 ni joto la kawaida la mchana Dar es Salaam na Mombasa kuanzia Januari hadi Machi. Kwa kipimo hicho, pikapu karibu zote za biashara kwenye mwambao huu ni za kundi la kazi nzito, ziwe za Toyota, Isuzu, Nissan au Ford.

Historia ya magari yenyewe inaongeza uzito. Kenya, kwa kiwango chake cha KS 1515, hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane liingie nchini. Maana yake ni kwamba gari linaweza kushuka Bandari ya Mombasa likiwa limefika umri uleule ambao ZF inataka oili iwe imebadilishwa, na mmiliki mpya ndiyo kwanza anaanza kulitumia. Hilux za mtumba zina utata zaidi. Toyota iliacha kuiuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017, kwa hiyo nyingi za miaka ya katikati zinazoonekana Afrika Mashariki zilitumika Thailand, Uingereza, Afrika Kusini au kwingineko. Nani aliiendesha, alibeba nini, alivuta nini, hakuna karatasi inayosema. Kilomita zilizo kwenye dashibodi nazo zinarudishwa nyuma na watu wasio waaminifu, jambo ambalo kila dalali analijua.

Mnunuzi wa pikapu kama hiyo hana haja ya kubishana na kipima mwendo. Achukulie kwamba oili ya gia boksi haijawahi kubadilishwa, na wiki ya kwanza ianze na fundi.

Manyuo nazo zisisahauliwe, maana bado ndizo nyingi kwenye kazi za shamba na ujenzi, kuanzia kirikuu ya Suzuki Carry hadi Land Cruiser ya mbao. Oili yake haichemki kama ya otomatiki, lakini inakaa na chembe za chuma zinazotokana na meno ya gia na sinkro, na haina filta ya kuzichuja. Dereva anaanza kuona gia ya pili inakuwa ngumu asubuhi, au inakwaruza wakati wa kushuka. Wengi wanailaumu klachi. Lita chache za oili sahihi kila kilomita 40,000 hadi 50,000 kwa gari la mzigo zinaweza kuiepusha gia boksi nzima kufunguliwa. Difu imwagwe siku hiyohiyo, kwa kuwa gari liko juu na spana ziko mkononi.

Neno "sahihi" hapo lina uzito. Oili za manyuo za daraja la GL-5 zina salfa nyingi iliyokusudiwa meno ya difu, na kwenye baadhi ya gia boksi salfa hiyo hula sinkro za shaba zilizotengenezewa GL-4. Zipo pia gia boksi za manyuo za Isuzu zilizoundwa zitumie oili ya injini, si oili nzito ya gia. Fundi anayejaza oili moja kwa kila gari linaloingia kwenye uwanja wake anafanya makosa hata kama gari halitalalamika siku hiyo.

Kwenye otomatiki makosa yanaonekana haraka zaidi. Maduka mengi ya spea yanauza oili nyekundu kwa jina la haidroliki, na chupa ileile anapewa anayetaka ya usukani na anayetaka ya gia boksi. Toyota ina Type T-IV kwa otomatiki zake za zamani na WS kwa zilizofuata, na haiziruhusu zibadilishane nafasi. General Motors iliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya kuileta Dexron VI mwaka 2005. Chupa mpya inayouzwa leo kwa maandishi ya Dexron III haina leseni ya wenye jina hilo. Inaweza kuwa oili nzuri, inaweza kuwa mbovu, lakini aliyeliasisi jina hilo haithibitishi. Mwenye pikapu afungue kitabu cha gari, au amtake fundi aitafute aina kwa namba ya gia boksi, kabla hela haijatoka mfukoni.

Kipimo cha kiasi pia kina utaratibu wake. Otomatiki nyingi za Hilux na Prado za kisasa hazina kijiti cha kupimia. Gari linawekwa sawa, injini inawaka, oili inaachwa ipate joto la takriban nyuzi 40, ndipo nati ya pembeni au ya chini inafunguliwa na kinachozidi kinamwagika chenyewe mpaka kibaki kichuruziko. Fundi anayepima gari likiwa la moto sana atafunga gia boksi ikiwa na oili pungufu, kwa sababu oili moto imetanuka. Pungufu inaifanya pampu ivute hewa na gia ziteleze. Ikizidi, inapigwa na gia zinazozunguka mpaka inatoa povu, na povu halina presha. Gari linaharibika baada ya sevisi, na lawama inaangukia kwenye kubadilisha oili wakati kosa lilikuwa kwenye kuipima.

Kosa hilo limechangia kulea hofu kubwa kuliko zote: kwamba pikapu iliyofika kilomita 200,000 bila kuguswa, ukiigusa tu, inakufa. Onyo hilo halikutoka hewani. Mafundi wameona magari yaliyoingia yakitembea na kutoka yakivutwa. Lakini kinachotokea mara nyingi ni hiki: pleti zilikuwa zimekwisha, na oili mpya yenye sabuni yake ikang'oa uchafu uliokuwa umetulia, ukaenda kuziba vijia vya vali. Mashine ya kusafisha inayosukuma oili kwa presha inazidisha hatari hiyo. Gia boksi ya namna hiyo ilikuwa imebakiza wiki au miezi kadhaa tu, oili mpya au bila oili mpya. Aliyeiua ni aliyesubiri kilomita 200,000.

Kwa pikapu ambayo haijaguswa lakini bado inaingiza gia vizuri, iko njia ya katikati, na kila fundi makini anaweza kuifanya bila mashine. Ukifungua nati ya chini, oili inayotoka ni sehemu tu ya yote, kwani nyingine inabaki ndani ya konveta na kwenye mipira ya kupozea. Tuseme inatoka asilimia 40. Ukijaza kiasi kilekile, asilimia 40 ya oili ni mpya. Ukirudia baada ya kilomita elfu moja au mbili, mpya inafika asilimia 64, na mara ya tatu inafika 78. Uchafu unaondoka kidogo kidogo, sabuni haiingii kwa mpigo, na gharama inagawanyika kwa awamu tatu, jambo ambalo mwenye pikapu moja ya kutafutia riziki atalishukuru.

Kabla ya kuamua hata hilo, sampo ifunguliwe na iangaliwe. Hapa mwenye gari asiende kunywa chai, akae karibu. Ndani ya sampo ya otomatiki nyingi kuna sumaku moja au zaidi, na juu yake kuna tope la kijivu. Tope likiwa laini, ukilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada halikwaruzi, huo ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Likiwa na vipande vinavyong'aa vinavyochoma ngozi, kuna beringi au gia inayokatika. Tone la oili lidondoshwe kwenye karatasi nyeupe. Iliyo hai husambaa na kuacha wekundu au kahawia hafifu. Iliyochoka huacha doa jeusi lililoganda katikati na mduara mwembamba pembeni. Kisha inuswe. Harufu ya kuungua haiondoki kwa kuongeza oili mpya, na fundi mkweli atamwambia mwenye gari wakati huohuo kwamba hela ya oili sasa ni bora ianze kuwekwa kwa ajili ya kufungua gia boksi.

Rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa ni hatari ya aina nyingine: maji yameingia. Marekani wanaikumbuka vizuri kwa Nissan Frontier, Pathfinder na Xterra za mwaka 2005 hadi 2010, ambazo kipozeo cha gia boksi kilikuwa ndani ya radieta. Kilipopasuka, maji ya radieta yalichanganyika na oili na gia boksi zikaharibika. Nissan ilirefusha dhamana ya radieta hizo, na wenye magari walifika mahakamani. Kwa magari yenye mpangilio huo, kuangalia radieta ni sehemu ya kuitunza gia boksi.

Kwenye mwambao na mabonde yetu maji yana mlango mwingine. Gia boksi na difu zina tundu la kupumulia. Gari lililotoka safari ndefu likiingia kwenye maji ya mto au ya mafuriko, chuma cha moto kinapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na maji yanavutwa kupitia tundu hilo au kwenye sili zilizochakaa. Kila msimu wa masika Dar es Salaam inashuhudia magari yakikatiza Jangwani maji yakiwa yamefika milangoni. Pikapu iliyopita hapo haisubiri kilomita 60,000 wala 6,000. Oili ikaguliwe siku inayofuata, na ikiwa na weupe wowote imwagwe.

Lipo pingamizi la haki: hela. Oili halisi ya otomatiki ni ghali kuliko ya injini, na sevisi kamili yenye filta na gasketi inaweza kula hesabu ya siku kadhaa. Ni kweli pia kwamba kumwaga mapema mno ni hasara, na oili chafu inayomwagwa nyuma ya gereji inaingia kwenye udongo na visima vya watu. Hakuna anayetaka pikapu ya ofisi inayobeba mafaili na watu wawili imwagwe oili kila kilomita 20,000 kwa woga. Kwa gari hilo, kikomo cha 100,000 au miaka minane kinatosha. Lakini kwa pikapu ya mzigo, gia boksi iliyokufa haigharimu spea na ufundi peke yake. Inagharimu kabichi zilizooza njiani, mteja aliyempata msafirishaji mwingine, na wiki mbili au tatu za dereva na utingo kukaa kijiweni.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye jinsi pikapu za biashara zinavyoendeshwa, na hili haliandikwi kwenye kitabu cha mtengenezaji yeyote. Dereva analeta hesabu jioni. Yeye ndiye anayesikia gia ikichelewa kwenye mlima wa Kitonga, anayeona mizunguko ikipanda bila gari kuongeza mwendo. Tajiri ndiye mwenye hela, na anayaona magari yake yakiwa yamepaki. Dereva akisema gia boksi inahitaji oili, anaonekana anatafuta cha juu. Akinyamaza, gari linaendelea kutembea na hesabu haikatiki. Siku ambazo gari limeshikwa na deiwaka, yaani dereva wa kushikizwa kwa siku, hakuna hata wa kusikia. Ratiba inayotegemea sikio la mtu asiyelipa na mfuko wa mtu asiyesikia haiwezi kufanya kazi.

Ndiyo maana muda wa kubadilisha uwekwe kwa maandishi na ukubaliwe na wote wawili mapema. Kwa otomatiki inayobeba mzigo, kupanda milima au kushinda kwenye foleni, kilomita 60,000 au miaka mitatu, kimoja kikitangulia, ni kikomo cha busara: kiko chini ya kile ambacho General Motors waliandika kwa kazi nzito, na pikapu zetu zinabeba zaidi ya walivyotarajia. Manyuo ya mzigo ifuate ile ya 40,000 hadi 50,000. Gari lililonunuliwa mtumba lianze upya bila kujali kilichoandikwa kwenye dashibodi. Tajiri atenge hela hiyo kutoka kwenye hesabu ya kila wiki, kama anavyotenga ya matairi, ili siku ikifika isiwe deni. Na daftari likae kwenye droo ya gari likiwa na tarehe, kilomita, aina ya oili na jina la gereji. Daftari hilo litamsaidia hata siku ya kuuza.

Sehemu iliyobaki ni ya wenye nguvu zaidi. Mawakala wanaouza pikapu mpya hapa wanayo ratiba ya kazi nzito kwenye makabati yao, mara nyingi kwa Kiingereza na katikati ya kitabu cha mamia ya kurasa. Waichapishe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ikitaja saruji, milima, foleni na mafuriko kwa majina yake, na ikabidhiwe pamoja na funguo. Wanaoingiza magari ya mtumba wafanye vivyo hivyo, kwa kuandika aina ya gia boksi na oili inayoihitaji kwenye karatasi za mauzo. Na vyuo vya ufundi, VETA vikiwamo, vimpe kila kijana anayesomea makenika nafasi ya kupima otomatiki isiyo na kijiti kwa mikono yake mwenyewe, kipimajoto kikiwa mbele yake, kabla hajapewa cheti.